Matusi ya Kumzika Raymundi

Jumatatu, 11 Agosto 2025

Marcelina kaniita. Nikadhani ni ile baiskeli ya marehemu, ina pancha tangu mwaka jana. Si baiskeli. Kanikalisha barazani, kaniwekea chai ya rangi na michembe ya viazi vitamu, akasubiri nijaze mdomo ndipo akasema: Shemeji, mume wangu hajazikwa.

Nikatafuna. Nikamwambia mbona nilisikia alishuka vizuri, tena ndani ya jeneza la vioo kama kabati la vyombo.

Akasema alishuka, lakini hajazikwa. Mtani hakusema neno. Mtu mzima anafukiwaje kimya kimya kama mali ya wizi?

Hapo kanishika. Maana mtani ni mimi. Mimi Mzaramo, Raymundi Mnyamwezi. Babu yangu alipanda huku na msafara kutoka pwani, mzigo wa nguo kichwani. Kufika Tabora miguu ikamvimba, akasema harudi. Babu yake Raymundi alikuwa mpagazi kwenye msafara huo huo, akamwambia: nyie Wazaramo wavivu hata wa kurudi kwenu! Utani wa nyumba hizi mbili ukaanza hapo, haujalala. Mpaka mwaka jana.

Mwaka jana kazi yangu niliianza. Jeneza linatoka ndani, nikalala chali mlangoni. Nikapiga ukelele: hapiti mtu! Mpagazi huyu anakwenda wapi hajaniaga? Watu wa Ipuli, mtaa wetu, wakaanza kucheka. Wanawake waliokuwa wanalia wakapenga kamasi ili wasikie vizuri. Mara wakaja vijana wawili wa miwani myeusi, waliokodiwa Dar pamoja na maua. Itifaki, wanaitwa. Wakaninyanyua kama gunia la pumba, mmoja kwapani mmoja miguuni, wakaniweka nyuma ya choo. Kuagwa kwa mtani wangu nilikusikilizia huko. Nilisikia vizuri sana. Hakucheka mtu.

Jumamosi ya wiki ijayo wanatimiza mwaka. Misa, halafu kusimika msalaba. Marcelina anasema: usiposema wewe, makaburini siendi. Waende na msalaba wao.

Nikamwambia Festo atanipeleka polisi safari hii. Akasema: Festo nimemzaa mimi.

Michembe nimeimaliza yote. Ilikuwa mizuri.

Jumanne, 12 Agosto

Utani ni kazi, kama kuziba pancha. Lazima kwanza ujue pumzi inatokea wapi.

Basi kutwa nzima nimemzamisha Raymundi kwenye karai, nimemgeuza huku, nimemgeuza kule. Hakuna povu! Pombe hakunywa. Nyumba ndogo hakuwa nayo. Kugombana hakugombana, labda na mkanda wa mashine yake ya kusaga. Aibu tupu. Mtu anaishi miaka yote hiyo halafu hamwachii mtani wake hata uchafu kidogo.

Nikajaribu hivi: kila saa sita mchana alizima mashine. Foleni ya wanawake na madebe yao imefika barabarani, yeye anazima, anakwenda kula kwa mkewe! Mtaa mzima ugali wao uko ndani ya magunia, wa kwake uko mezani unafuka moshi. Nilimwambia: mtani, utaua watu kwa njaa kwa ajili ya tumbo lako. Akajibu: wivu huo. Wewe ukichelewa hakuna anayekungoja, Masika huwa anaomba upotee njia.

Masika mke wangu alilicheka neno hilo wiki nzima. Mpaka leo likimjia anacheka peke yake jikoni.

Nikajaribu jingine: mwaka ule tumbaku ilipopanda bei, wakulima wana hela, Raymundi akanunua mashine ya pili. Wanaume tukakaa naye kikao. Tukamwambia mashine mbili, wake wawili, hata mtoto wa darasa la kwanza anaona hesabu imekaa sawa. Akasema mashine ya pili ameshaipa jina. Nani? Marcelina. Na ya kwanza? Marcelina. Akaenda zake. Mtaa ukasema huyu kalishwa limbwata, tena la gunia.

Nikamsomea Masika. Kasikiliza, mwiko mkononi. Kasema: Baba Hamoudi, hayo matusi au unaposa?

Alhamisi, 14 Agosto

Festo kapiga simu. Yuko Dar, ana malori yanayokwenda Kongo, anaongea kama anatangaza habari.

Shikamoo, mzee Twalibu.

Marahaba, mpagazi mdogo.

Nikangoja arudishe. Baba yake angeirudisha kabla sijafunga mdomo. Huyu kakohoa. Kasema Jumamosi wanaomba utulivu, watakuwepo wageni wakubwa na wakwe zake. Utani wameufikiria, wameuweka kwenye ratiba. Utashughulikiwa na MC.

MC kabila gani? nikauliza.

Mpare.

Mpare! Anamtania Mnyamwezi kwa undugu upi? Mpelekeni akataniane na Wachaga!

Mzee, huyu ni profesheno.

Akakata. Baadaye wasifu wa marehemu ukaingia kwenye simu ya Masika, yangu ya tochi haipokei picha. Nimevaa miwani, nimesoma. Nimesoma tena. Sijui ni nani huyu waliyemwandika, ila ningemkuta njiani ningempigia saluti.

"Mkurugenzi wa Shilinde Entaprais." Mkurugenzi! Suruali alikuwa anaifunga kwa kipande cha mkanda wa mashine.

"Alikuwa mtu wa maono." Maono gani? Alikuwa haoni mbele kwa unga. Jioni alisimama mlangoni kwake mikono juu kama aliyekamatwa, Marcelina anampiga na ufagio kama mkeka. Unga ulikuwa kwenye nyusi, masikioni, puani. Kijana wa miaka thelathini watu walikuwa wanampisha kwenye foleni, wanamwamkia shikamoo.

Na picha! Wamemvisha suti kwa kompyuta. Tai nyekundu. Nyusi wamezifuta unga. Anafanana na mtu aliyegombea udiwani akashindwa.

Lakini lililoniua ni hili: "Hakujua mapumziko. Hata Jumapili, mngurumo wa mashine yake ulisikika."

Wacha nicheke kwanza.

Haya. Alipozaliwa Festo, Marcelina aliugua, akalala miezi. Raymundi hakumpa mtoto mtu yeyote. Si shangazi, si bibi. Alimfunga mgongoni kwa kanga, dume zima, akasaga. Wanawake kwenye foleni wakashika midomo. Mimi ng'ambo ya barabara nilishindwa kuziba pancha, nilikuwa nashika tumbo. Basi mtoto akazoea ngurumo, akawa halali bila mashine. Jumapili kimya, yeye analia mpaka anakauka sauti. Unadhani Raymundi alifanya nini? Anatoka Misa, anavua koti, anazungusha hendeli, injini inawaka — ndani hakuna hata punje! — halafu anazunguka uani na mtoto mgongoni mpaka alale. Dizeli inaungua bure. Nikavuka barabara nikamuuliza: we mwendawazimu, unasaga nini? Akaniwekea kidole mdomoni. Kasema: nasaga usingizi.

Na huyo mtoto mwenyewe leo kaandika kwamba baba yake hakupumzika Jumapili kwa uchapakazi!

Jumamosi, 16 Agosto

Upepo. Vumbi hadi kwenye chai. Goti la kushoto linauma. Nimeziba pancha nyingi, sijatukana mtu yeyote. Siku ndefu.

Saa sita mchana nimejikuta natazama ng'ambo. Mashine haikuzimwa. Huyu kibarua wanayemwachia siku hizi anakula andazi huku anasaga. Foleni inakwenda vizuri. Inachukiza.

Jumatatu, 18 Agosto

Kaja MC Amon. Kavaa viatu vyeupe Tabora hii, mwezi wa nane! Kashuka kwenye bodaboda, kufika kwangu tayari ni vyekundu.

Shikamoo mzee wangu! Nimeambiwa wewe ndiye maktaba.

Marahaba. Maktaba imefungwa, ila ingia.

Kakaa kwenye boksi la wateja. Anataka, kwa maneno yake mwenyewe, nyama nyama za marehemu. Vichekesho. Ila visimguse mtu, familia imesisitiza. Nikamwambia: mwanangu, unataka pilipili isiyowasha? Kasema ndiyo, kama hivyo! Kafurahi kwamba nimemwelewa.

Ni kijana mzuri, sina ugomvi naye. Kanisaidia hata kubeba karai. Kwao Same mama yake anauza tangawizi. Ila mtu akija kuniomba utani kama anaomba chumvi, mimi nifanyeje?

Nikamwambia Raymundi alikuwa mcheza nyoka.

Kaacha kuandika. Nyoka?

Chatu. Ujanani. Alikuwa naye ndani, amemfuga. Alimzoea hata wakalala chumba kimoja. Alipooa ndipo shida ikaanza, maana chatu alikuwa hataki kushuka kitandani.

Mama hakuwa na wivu? kauliza, macho yanametameta.

Hapo hapo, nikamwambia, hapo ukisema watu watakufa!

Kaandika lote. Kanishukuru kwa mikono miwili. Kaondoka.

Raymundi Shilinde! Mtu aliyewahi kupanda juu ya mashine, mchana kweupe, mbele ya wateja, anapiga yowe "Marcelina! Marcelina!" kwa sababu ya mjusi. Mjusi wa ukutani. Na Marcelina akaja mbio na ufagio, akamtoa. Mjusi, halafu mume.

Jumatano, 20 Agosto

Wamefika. Magari meusi matatu, yote yana vumbi, yamekuwa rangi ya Tabora.

Jioni kaja Gaudensia, binti mdogo wa Raymundi, yule nesi wa Nzega. Peke yake, anasukuma baiskeli ya kujazwa upepo. Shikamoo, marahaba. Sikumtania. Uso wake haukuwa na nafasi.

Kakaa kwenye boksi. Kasema: mzee Twalibu, siku ile nilikuwa nyuma ya jeneza. Nilikuona pale chini mlangoni unakenua meno. Baba yangu amekufa, wewe unacheka. Nilitamani nikukanyage.

Nikamwambia: ungenikanyaga! Ilikuwa zamu yenu.

Zamu gani?

Nikamtazama. Ni kweli hajui. Nikamweleza kama namweleza mgeni. Mimi natukana, nyumba yenu inajibu. Nilipolala pale mmoja wenu alitakiwa aseme: ondoka hapa wewe mla nazi, ngoma za kwenu zimekushinda ndiyo unakuja kulala kwenye milango ya watu! Ndipo ningenyanyuka. Ndipo baba yenu angepita. Bila jibu mimi ni kizee tu kinachomtukana maiti.

Kasema, taratibu, kama anamsomea mgonjwa majibu: sisi nani alitufundisha, mzee? Tulipelekwa bweni wadogo. Likizo tunakuja, mnatukanana nyie wawili barabarani, tunaambiwa tukasome. Ni baba mwenyewe aliyesema tukasome.

Ni kweli. Raymundi alisaga mahindi ya nusu ya mkoa ili watoto wasome, nao wakasoma mpaka wakashindwa kutukana.

Kauliza: ukinyamaza Jumamosi?

Mama yenu haendi makaburini.

Na ukisema, na sisi tusijibu?

Basi utani umekwisha. Hamoudi wangu na kaka yako watabaki kupeana mikono na kuulizana habari za kazi, kama watu waliokutana benki.

Kasimama, kajipangusa. Kasema Festo hawezi. Kasema Festo tangu msiba hajataja hata jina la baba, anasema "marehemu" tu, hata wakiwa nyumbani, hata wakiwa wawili. Kalipa tairi nililomjazia upepo, nikakataa, kaiacha hela kwenye boksi. Nesi huyo.

Ijumaa, 22 Agosto

Nimetoka msikitini, nimekaa. Masika kanipigia pasi kanzu bila kuulizwa. Kasema: ukipigwa kesho, angalau upigwe msafi.

Sijui kama nitakwenda. Nikikaa nyumbani Marcelina hatoki kwake, mashine nzima ya shughuli inakwama. Nikienda nikasema, wao wanikodolee macho — basi mimi ndiye nitakuwa nimeufukia utani wa babu zetu, kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele za watu.

Raymundi angekuwa hai ningevuka barabara nimuulize. Angesema: Mzaramo kuogopa msiba! Nenda kale wali wa bure, ndiyo kazi mnayoiweza.

Jumamosi, 23 Agosto

Asubuhi

Nilikwenda. Turubai jeupe, viti vimevalishwa nguo na kufungwa utepe kiunoni, kama maharusi wanaosubiri mume. Picha ya suti kubwa kuliko mlango. Wakwe wa Festo mstari wa mbele. Nikakaa nyuma na wazee wa Ipuli, daftari hili nimelichomeka kiunoni ndani ya kanzu. Nimeandika humo matusi yangu, uzee unasahaulisha.

Marcelina kwenye mkeka, kanga nyeusi, uso kama ukuta. Alikuwa ametoka Misa hajaongea na mtu. Gari la kumpeleka makaburini liko wazi, kalitazama, kageuza kichwa.

MC Amon kashika kipaza sauti. Wasifu kausoma wote, mkurugenzi, maono, Jumapili. Halafu kapaza sauti: na sasa, kidogo, utani! Je, mlijua kwamba mzee wetu alikuwa mcheza nyoka?

Wazee wa Ipuli wakatazamana.

Kijana hakurudi nyuma, nampa sifa yake. Kaendelea. Chatu. Chumba kimoja. Kitandani. Kasema mama yetu hapa alipoolewa alikuta nafasi yake imeshalaliwa!

Baba mkwe wa Festo alikunja miguu akaikunjua. Festo kasimama. Na hapo kwenye mkeka ikatoka sauti, nikadhani Marcelina amepaliwa. Kainama, mabega yanatikisika, mabinti wanamshika. Kumbe anacheka! Kacheka mpaka kanga imedondoka kichwani. Nyoka! anasema. Raymundi na nyoka! Huyo alikuwa ananiita nimtolee mjusi!

Wanawake wa Ipuli waliokuwepo siku ya mjusi wakalipuka. Mmoja kaiga yowe lenyewe, "Marcelina! Marcelina!", kapanda na kiti. Mwaka mzima wanawake hawa walikuwa wamefungwa midomo.

Nikamwona Festo anamvuta MC pembeni, na MC anageuka, ananitafuta kwa macho, ananyoosha kidole. Mimi sikungoja. Marcelina alikuwa ameshasimama, ameshajua nyoka ni kazi ya mtani, anaingia kwenye gari mwenyewe. Nikarukia bodaboda.

Saa tano, au sita. Makaburini

Naandika nimelala juu ya Raymundi.

Sina haraka. Wao ndio wana haraka. Kaburi limejengwa kwa vigae vyeupe, kama choo cha hoteli, na jua hili vinachoma hadi kwenye mifupa. Pembeni fundi anakoroga zege la kusimikia msalaba. Nimelala pale pale msalaba unapotakiwa kukaa.

Walifika na maua, wakanikuta. Itifaki wawili walewale, miwani ileile. Wakaja moja kwa moja. Marcelina kasimama mbele yao, kasema atakayemgusa mtani wangu aanze na mimi. Wakamtazama Festo. Festo katazama chini. Wakarudi nyuma.

Padri ni Msukuma wa Igunga. Kaja, kaniinamia, kaniuliza hali. Nikamwambia mimi mzima, aliyelala chini ndiye mgonjwa. Kaweka kitabu cha sala mdomoni, mabega yamecheza. Kaenda kukaa kwenye ukingo wa kaburi la jirani. Kasema ana Misa nyingine jioni tu.

Mmoja wa wakwe kaleta bahasha kwenye sahani. Siku nyingine ningeichukua, Masika ni shahidi. Nikaisukuma. Nikasema kwa sauti: sitaki hela! Hela mmeshampa Mpare. Mimi nataka jibu.

Halafu nikaanza. Nikagonga vigae. Nikasema: Raymundi! Mpagazi we! Umelazwa kwenye vigae, na ulikuwa hujui hata kuoga mpaka mkeo akupige ufagio! Watoto wamekuvisha suti, umekuwa kama wakili wa kuku! Wamesema ulikuwa mkurugenzi. Uliongoza nini zaidi ya debe? Uliwaacha watu na njaa saa sita mchana kwa kumkimbilia mwanamke! Kakunywesha nini, hata mashine ukazipa jina lake zote mbili? Tuliokuwa na akili tulikushauri, hukusikia, sasa ona, umekufa una mke mmoja tu wa kukulilia!

Marcelina akalia hapo. Kwa sauti, kicheko na kilio vyote pamoja, kama mvua na jua. Watu wa Ipuli wakacheka wakalia naye.

Lakini ni wa Ipuli tu. Wenye nyumba kimya. Na mimi tusi limebaki moja.

Nikamgeukia Festo. Nikasema: na wewe, mpagazi mdogo! Umeandika baba yako hakupumzika Jumapili. Unajua alikuwa anasaga nini? Nikamwambia. Kanga, hendeli, injini tupu, uani, yeye mgongoni. Nikamwambia dizeli ya Jumapili zote zile iliungua kwa sababu ya domo lako. Nasaga usingizi, alisema. Usingizi wako wewe!

Uongo, kasema Festo. Ndilo neno la kwanza nimelisikia kwake bila kipaza sauti.

Kweli, kasema mama yake. Tena ulikuwa unalala mdomo wazi, unga unaingia. Jioni nilikuwa nakusafisha ulimi kwa kitambaa.

Festo katazama ile picha waliyoisimamisha kwenye stendi, ile ya suti. Kaitazama muda. Kageuka, kaenda zake hadi kwenye magari. Kasimama kule, mgongo kwetu, mkono mmoja juu ya paa la gari.

Ndipo nikatoa daftari. Nifanye nini jingine? Nikinyanyuka bila jibu nimeshindwa, na sinyanyuki.

Fundi anasema zege litaganda. Padri anasema aongeze maji. Wakwe wamejibanza kwenye kivuli cha gari. MC Amon kavua viatu vyake vyeupe, kakaa chini na wazee wa Ipuli, anawauliza huyu mzee ana haki gani, nao wanamweleza wote kwa pamoja, wanagombana msafara ulikuwa na watu wangapi.

Mgongo unaungua kweli. Kigae kimoja hakikubandikwa vizuri, kinacheza. Kazi ya Dar.

Gaudensia kaja. Kasimama kichwani kwangu, kafungua mwavuli wa mama yake, kanishikia. Nimemwambia mkono wake umepinda, jua linanipiga sikio. Kaunyoosha. Nikamwambia hata mwavuli kushika hamjui, ndiyo maana babu zenu walipewa mizigo. Kauma mdomo. Nimekiona! Kitu kilikuwa kinakuja, kakimeza.

Festo kageuka. Anarudi.

Kavua koti, kalitupa juu ya gari, limeteleza limeanguka vumbini, hakuliokota. Sasa anakunja mikono ya shati. Itifaki wanajisogeza. Marcelina kawanyooshea kidole, wametulia.

Kutoka huku chini siwezi kujua anakuja kunipiga au kunijibu. Vyote vinaanza hivi hivi. Padri kasimama. Fundi kaacha koleo.

Anatembea taratibu. Midomo inacheza. Mtu anayekwenda kupiga hafanyi mazoezi ya maneno, ama anafanya?

Machoni ana maji. Kafika miguuni kwangu. Kapumua.

Wewe Mzaramo, kasema, na sauti imemkatikia hapo. Juu yangu Gaudensia ananong'ona sema, kaka, sema. Wewe Mzaramo, kaanza tena, wewe mzee mvivu wewe, uliyeshindwa hata kurudi kwenu, ondoka juu ya baba yangu! Nafunga daftari, nanyanyuka.